Tumbo Langu na Chungu cha Senge

Nilisikia mngurumo kabla sijafungua macho. Nikadhani ni gari moshi la mizigo linaingia stesheni ya Malaba, lile la alfajiri linaloburuta mabehewa yake kama mzee anayeburuta viatu. Nikasubiri filimbi. Filimbi haikulia. Mngurumo ukaja tena, safari hii karibu zaidi, chini ya blanketi, na sauti ya Senge Taaka ikatokea upande wa pili wa pazia.

"Ajiambo, hiyo treni yako leo imebeba nini?"

Lilikuwa tumbo langu.

Tulicheka sana, yeye kwake na mimi kwangu, pazia likiwa katikati. Halafu nikajaribu kuketi kitandani, nikashindwa. Mabega yalikuwa yameshikwa kama mtu aliyebebeshwa magunia usingizini. Vidole havikukunjika. Hata shuka ilipogusa ngozi ya paja, iliuma. Nililala pale nikitazama mabati, na mvua za masika zikaanza kuyapiga. Kwa hiyo kila nikisimulia ugonjwa wangu ninahesabu kuanzia mvua hizo, ingawa mwili ulikuwa umekwisha kuninong'oneza tangu nilipokuwa masomoni Nairobi, nami sikusikiliza.

Senge, ndivyo Wasamia tunavyomwita shangazi, ni dada ya baba yangu. Mama alipofariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, ni yeye aliyenichukua kutoka nyumbani Sigalame. Aliolewa na mwanamume wa Kiteso aliyefanya kazi ya reli, akabaki Malaba hata baada ya kufiwa, akaanzisha hoteli yake ndogo karibu na mahali malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda. Hakuwahi kupata mtoto wa tumbo lake. Alinipata mimi, na alipata madereva, na wote tulilishwa kutoka sufuria zile zile: ugali wa mtama na muhogo, maharagwe, kunde zilizolazwa katika maziwa, samaki mkavu aliyepikwa kwa njugu. Nilikua kwa chakula hicho. Nilipomaliza masomo nikarudi kwake nikiwa na karatasi tupu na hamu ya kuandika kitabu, alinitengea chumba cha nyuma, akawaambia wateja wapunguze kelele kwa sababu mwanawe anafikiri.

Sikufikiri. Niliugua.

Ugonjwa wangu ulikuwa na mwendo wake. Kwanza tumbo lilifura baada ya chakula, likakaza kama ngoma iliyoota moto. Sketi haikufunga. Mara nyingine sikwenda choo siku nyingi, mara nyingine nilikwenda mpaka magoti yakalegea. Kisha, tumbo lilipotulia na mimi kuanza kushukuru, maumivu yalihama. Yalipanda shingoni, yakashuka nyonga, yakalala ndani ya magoti na viganja. Nililala saa nyingi, nikaamka nimechoka kana kwamba nimelima shamba la mtu. Na katika haya yote hapakuwa na kidonda, wala homa, wala kitu cha kumwonyesha mtu. Nikisema naumwa, watu walinitazama usoni, wakaona uso mzima.

Masika yote nilikaa kwenye mabenchi. Ninyi mnaoumwa kama mimi mnayajua mabenchi hayo: unavyosogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, joto la makalio ya aliyekutangulia likikupokea kila unaposogea. Nilipimwa malaria. Nilipewa dawa ya minyoo, ya amiba, ya kichocho. Kila mara waliniambia nilete choo, nami nikakileta kama tunavyokileta sote, ndani ya kibiriti kitupu kilichofungwa vizuri kwa karatasi. Siku moja kule Busia, mzee aliyeketi kando yangu aliniona nimekishika, akatoa sigara mfukoni.

"Dada, nisaidie na hicho kibiriti."

"Mzee, hiki hakitawaka."

"Kimelowa?"

"Kidogo."

Mama aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akakitazama kibiriti, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka mtoto wake mgonjwa akacheka pia. Mzee alipoelewa aliirudisha sigara mfukoni kwa heshima kubwa. Ninawakumbuka watatu hao kama mtu anavyokumbuka waliompa maji njiani. Siku hiyo, kama siku nyingine, majibu yalikuwa mazuri. Sina kitu. Nilirudi Malaba na majibu mazuri, nikiyaonea haya, kwa sababu Senge alikuwa amefunga hoteli asubuhi ili anisindikize, na sikuwa na ugonjwa wa kumlipa kwa usumbufu huo.

Basi nikaanza kuacha chakula. Sikuamua, mkono wenyewe ulisita. Nilikuwa nimegundua kwamba nikila kidogo, au nisipokula, kesho yake mwili ulikuwa na huruma kidogo. Nilimega tonge moja au mawili, nikaisukuma sahani. Sikufikiria sahani hiyo ilikuwa inasema nini kwa watu waliokuwa wakiitazama.

Kwetu Wasamia, na kwa majirani zetu Wateso na Wajaluo vilevile, inaaminika kuna watu wenye jicho. Mtu wa jicho akikutazama ukila, chakula kinakukwama tumboni na kukuumiza mpaka atafutwe mtu wa kukitoa. Jicho halihitaji chuki. Mwenye nalo anaweza kuwa anakupenda kuliko wote. Ndiyo maana aliyeshukiwa hana pa kujitetea: akisema hana ubaya na mtu, wanamjibu kwamba hakuna aliyesema ana ubaya.

Na Senge alipenda kunitazama nikila. Tangu utotoni aliweka kidevu kiganjani, akatabasamu, akafuata kila tonge kutoka sahani mpaka mdomoni.

Aliyesema kwanza alikuwa Mama Amoit, jirani aliyeuza mboga na aliyekula kwetu kila adhuhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo mwepesi tu.

"Mama Hoteli, huyu msichana hali. Anakonda. Kwani hii sahani iko na nini?"

"Ni tumbo lake linamsumbua," Senge akasema.

"Tumbo linamsumbua akila wapi?"

"Anakula hapa. Atakula wapi kwingine?"

"Aah," alisema Mama Amoit, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinyamaza. Siku ya soko alipeleka mboga zake Chakol, na nadhani alipeleka na hilo "aah" pia.

Ndugu yangu Wandera alikuja kutoka Sigalame wakati wa kuvuna mtama. Alinikuta nimeegemea ukuta nikijaribu kufunga kifungo cha blauzi.

"Unataka tukuzike ndio useme?"

"Niseme nini?"

"Nani anakuangalia ukila."

"Wandera, nina ugonjwa. Si Senge."

"Mimi nimemtaja Senge?"

Alinichukua siku hiyo hiyo. Senge alinifungia mizigo yangu mwenyewe. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Mganga aliyenitibu kule Sigalame, mama anayetoa chakula cha jicho, alikuwa mpole, mwenye viganja vipana. Alinilaza kwenye ngozi ya ng'ombe, akanichua kwa samli tumbo, mgongo, mabega, mapaja, polepole, kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa hivyo tangu nianze kuugua. Nililia kwa raha. Kisha akanichanja kidogo kwa wembe juu ya kitovu, akabandika kitambaa chenye majani, akakibana, akakitoa na kukifungua mbele ya wote. Ndani yake kulikuwa na kipande cha haragwe na mwiba wa samaki.

"Hivi umekula kwa nani?" akauliza.

Nikasema, "Mama, kila mtu katika nchi hii anakula maharagwe na samaki." Nilisema kwa sauti. Nilisema mara mbili. Lakini maneno yangu hayakuwa na nguvu, kwa sababu mwili wangu ulikuwa unasema lingine: asubuhi iliyofuata niliamka, nikaketi, nikasimama, nikaenda mwenyewe kuchota maji.

Nilikaa Sigalame mpaka pamba ikafunguka mashambani. Nilikula viazi vitamu, samaki mbichi wa mchuzi, ndizi za kuchemsha. Wake wa Wandera walinichua kila jioni. Tumbo lilitulia, na maumivu yakarudi nyuma kama maji ya ziwa yanavyoondoka kwenye matete. Nyumbani wote walifurahi. "Mnaona?" waliambiana. "Mnaona?" Nami, ambaye nilipaswa kufurahi kuliko wote, niliogopa kila siku niliyoamka mzima. Kupona kwangu kulikuwa ushahidi. Kadiri nilivyonenepa, ndivyo Senge alivyozidi kuwa na hatia, na sikujua namna ya kupona polepole kwa ajili yake.

Nilirudi Malaba mvua za vuli zilipoanza. Nilitaka watu waone kwamba simwogopi. Hoteli ilikuwa na mteja mmoja tu, tanboi, yaani utingo wa lori, kutoka Mombasa ambaye hakujua habari za mji. Malori yalijaa barabarani, madereva wakila kwa jirani wakiwa wamesimama kwa kukosa viti.

Senge alinipikia vizuri kuliko siku zote, ugali, kunde za maziwa, samaki wa njugu. Aliweka sahani mbele yangu kule chumbani. Kisha akageuka kuelekea mlangoni.

"Senge, huketi?"

"Nimeambiwa ninaangalia sana."

"Nani kakwambia?"

"Malaba ina midomo kuliko malori, mwanangu. Kula. Mimi niko nje."

Akatoka, akaurudisha mlango. Nikabaki na sahani. Nilikula yote, mpaka ya mwisho, nikilazimisha kila tonge kwa mapenzi. Na kesho yake sikuweza kuinuka kitandani. Treni ilinguruma, tumbo likapanda kama ngoma, viungo vyote vikawaka. Nilimsikia Mama Amoit nje akiuliza hali yangu, na Senge akijibu kwa sauti ndogo, "Amelala." Hakuna kesi iliyowahi kusikilizwa kwa haraka hivyo.

Daktari aliyenisaidia alikuwa mwanamke wa makamo kwenye hospitali ya misheni. Sikutegemea kitu. Aliniuliza maswali machache, kisha akasimama nyuma yangu na kubonyeza kwa kidole gumba juu ya bega. Nikaruka. Akabonyeza kando ya shingo, nikaruka. Nyonga, ndani ya goti, kiwiko.

"Daktari, nani amekuonyesha?"

"Ni mwili wako unaonionyesha. Na tumbo? Linafura?"

Nilianza kulia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hayo mawili kwa pumzi moja. Siku zote tumbo lilikuwa na benchi lake na mifupa ilikuwa na benchi lake.

Aliniambia wapo wengine kama mimi, wengi wao wanawake, na kwamba baadhi ya madaktari wenzake wanasema ni fikira tu. Hakuwa na jina alilolipenda wala dawa ya kuumaliza. Alisema kuna miili inayosikia kupita kiasi, na katika miili hiyo tumbo likikasirika misuli yote inaitika. Na misuli ikichoka, tumbo nalo halipumziki.

"Ukila nini, kesho yake unaamka umevunjika?"

Nikataja. Maziwa. Maharagwe. Kunde. Ugali wa muhogo ukiwa mwingi. Njugu. Nilipokuwa nikitaja nilisikia sauti yangu ikizidi kushuka, kwa kuwa nilikuwa namwelezea daktari jiko la Senge, sufuria baada ya sufuria.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo lenyewe. Ukweli wa daktari na uongo wa majirani vilifanana kama mapacha. Vyote viwili vilisema: ukila kwa Senge, unaumwa. Ningeutetea vipi ukweli bila kuubeba uongo mgongoni? Ningesema ni maharagwe, wangeuliza, mbona sisi tunayala?

Hilo ndilo ninalotaka kukuambia wewe unayeanza kuumwa hivi. Chakula kidogo kidogo, cha moto, kwa saa zake, usingizi, kutembea hata siku usiyotaka, mimi nilitembea mpaka stesheni na kurudi, kuchuliwa na mtu mwenye mkono mwema, haya yatakusaidia, polepole, na utajifunza mwenyewe kipi ni adui yako. Lakini kabla ya hayo yote, sema mapema. Sema siku ya kwanza unaposukuma sahani, kwa sauti, mbele ya watu: ni tumbo langu, si chungu cha mtu. Ukinyamaza, sahani itakusemea.

Nilirudi nikamweleza Senge. Alisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hiyo ni kweli nilikuwa nakuumiza," akasema.

"Si wewe. Ni kunde."

"Kunde nilipika mimi."

Nilimwomba kitu kimoja. Nilitaka anipikie adhuhuri, hotelini, watu wakiwepo, vile ambavyo mwili wangu unavikubali, kisha aketi anitazame. Alikataa. Nikamwomba tena siku nyingine, akakataa. Hoteli ilikuwa imebaki na sufuria moja motoni. Siku aliyoiepua hata hiyo moja kabla ya adhuhuri, alikuja chumbani akasema, "Kesho. Lakini ukianguka, Ajiambo, mimi sina mji."

Kesho yake niliamka vibaya. Haikuwa chakula, ilikuwa baridi ya mvua, na hofu. Mwili huu hauhitaji sababu kila mara. Vidole vilikuwa vigumu, na nyonga ya kushoto iliniburuta. Nilifikiria kuahirisha. Lakini Senge alikuwa amekwisha kuwasha moto, na Mama Amoit alikuwa amekwisha kuketi, na madereva wawili waliokimbia mvua walikuwa mlangoni wakisitasita.

Aliniletea matoke ya ndizi na samaki mbichi wa mchuzi mwepesi. Nikaketi katikati. Yeye akasimama kando ya jiko, uso ukutani.

"Senge, njoo uketi."

"Niko sawa hapa."

"Njoo uniangalie nikila. Kama zamani."

Mama Amoit aliinama mbele kuutazama mkono wangu.

Senge alikuja. Aliketi mbele yangu, macho chini mezani. Nikangoja. Mchuzi ulikuwa unapoa. Hatimaye akayainua, nami nikaona kwamba alikuwa anajiogopa. Mwanamke huyu aliyenilea alikuwa amekwisha kuamini, kidogo, mahali fulani ndani, kwamba macho yake yana kitu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Hata katika hesabu zote za hatia yangu, hilo sikuwa nimelihesabu.

Nilikula. Nilimega kwa vidole vilivyouma, nikatafuna, nikameza, nikimtazama naye akinitazama. Nilimaliza samaki, nikamnyonya kichwa. Nikafuta sahani kwa ndizi ya mwisho.

Dereva mmoja akasema, "Boss, huyu dada ameacha hata sahani kweli?"

Mtu akacheka. Mwingine akaketi. "Mama, kama kuna hiyo samaki imebaki, leta. Makaratasi yetu hayatoki leo."

Mama Amoit aliagiza pia. Alikula polepole, akijipiga tumbo kidogo kila baada ya tonge kama anayelisikiliza. Nilitembea mpaka chumbani nikiwa nimenyooka, na nilipofika nyuma ya pazia nikaushika ukuta. Maumivu yalikuwa mengi, lakini tumbo lilikaa kimya. Kesho yake nilikuja tena nikala, na kesho kutwa.

Wateja walirudi, si wote. Foleni ya mpaka ilikuwa ndefu, na njaa haina kumbukumbu. Mama Amoit hajawahi kuomba radhi, ila siku hizi akileta mboga hukaa mpaka zioshwe, na akisikia mtu analeta maneno huwa anamwuliza, "Wewe ulikuwako siku msichana amenyonya kichwa cha samaki?" Kwake hiyo ndiyo radhi, nami nimeipokea.

Ubaya wa ugonjwa umepita. Bado zipo asubuhi za treni, hasa baridi inapoingia, lakini ninajua zinavyokuja na zinavyoondoka. Ninafunga vifungo vyangu mwenyewe. Senge amejifunza jiko jipya kwa ajili yangu, sufuria ndogo ya kando isiyo na maziwa wala njugu, na hotelini, mbele ya watu, anaketi nami na kuniangalia, kwa kuwa tulikubaliana hivyo.

Jioni, tukiwa peke yetu, ni tofauti. Jana aliniletea viazi vitamu na samaki chumbani. Akaweka sahani, akapangusa ukingo wake kwa kanga, akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikaonja. Nikasema inatosha.

"Keti, Senge. Hakuna mtu hapa."

"Ndiyo maana," akasema.

Alinitazama haraka, akahakikisha sijapeleka mkono mdomoni bado. Akanigusa bega, pale ambapo hapaumi, maana anapajua. "Kula, mwanangu, kabla hakijapoa." Akatoka, akaufunga mlango taratibu.